Nukta, Mistari au Utando: Njia Tatu za Kupiga Picha za Miti Theluji Inapoanguka

Mtu anayetaka picha ya mti katika theluji inayoanguka ionekane kama imechorwa kwa brashi ana uamuzi mmoja unaotangulia mingine yote, nao ni umbo ambalo chembe za theluji zitapewa ndani ya picha. Chembe ileile, ikishuka mbele ya shina lilelile, inaweza kutokea kama nukta, ikatokea kama mstari, au ikafutika kabisa na kuacha utando wa weupe, na kinachozitenganisha picha hizo tatu ni muda ambao shata, yaani pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia, imebaki wazi. Katika ulinganisho huu nazipima njia hizo tatu, kisha naeleza miti, lenzi na vifaa vinavyoifaa kila moja. Mfano ninaoutumia zaidi ni Central Park ya New York, kwanza kwa sababu theluji ya mji huo mara nyingi huanguka joto likiwa karibu na nyuzi 0, jambo linalobadilisha sana sura ya picha, na pili kwa sababu historia ya upigaji picha uliofuata uchoraji ilipita katika mitaa hiyohiyo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na ni vizuri msomaji akaishika kabla ya kutoka nyumbani. Chembe ya theluji kwa kawaida hushuka kwa mwendo wa mita 1 hadi 1.5 kwa sekunde. Zile ndogo na kavu huenda polepole zaidi, na mapande mazito yenye majimaji hukaribia mita 2. Tukichukua mita 1 kwa sekunde kuwa kipimo chetu, katika sekunde 1/500 chembe inasogea milimita 2 tu, umbali ambao kwa pande kubwa la theluji ni mdogo kuliko upana wake, na kwa hiyo inabaki nukta. Katika sekunde 1/125 inasogea milimita 8 na kuanza kuvutika, katika sekunde 1/30 inachora mstari wa sentimita 3 hivi, na katika sekunde 1/8 mstari huo unafika sentimita 12. Shata ikikaa wazi sekunde nzima, mwanga wa chembe moja unatandazwa juu ya mita nzima ya safari yake, nao unakuwa hafifu kiasi cha kutoonekana tena peke yake.

Upepo unaivuruga hesabu hii kuliko kitu kingine chochote. Upepo wa kilomita 18 kwa saa, ambao mtembea kwa miguu asingeuita mkali, unaisukuma chembe mita 5 kila sekunde, yaani mara kadhaa ya mwendo wake wa kushuka, na mistari inalala karibu sambamba na ardhi. Siku kama hiyo sekunde 1/125 inafanya kazi ambayo siku tulivu ingefanywa na sekunde 1/30.

Nukta

Shata ya sekunde 1/250 hadi 1/500 inasimamisha kila chembe hewani. Matokeo yake yanaelekea kwenye uchoraji wa nukta, ule ambao Georges Seurat aliufanya maarufu kwa mchoro wake mkubwa wa kisiwa cha La Grande Jatte, uliokamilika mwaka 1886 na ambao sasa uko Art Institute of Chicago. Yanaelekea pia kwenye chapa za mbao za Kijapani za miaka ya 1830, ambamo Hiroshige aliionyesha theluji ya usiku katika kijiji cha Kambara. Njia hii inadai mapande makubwa. Joto likiwa karibu na nyuzi 0, fuwele za theluji huwa na unyevu na hushikamana zikishuka, hata pande moja likazidi sentimita 1 kwa upana. Katika baridi kali ya Minnesota, jimbo la Marekani ambako watu waliotoka Afrika Mashariki ni wengi, theluji mara nyingi huwa laini na kavu kama unga, na nukta zake ni ndogo mno kiasi kwamba mtazamaji huziona kama takataka juu ya picha. Hilo ndilo tatizo kubwa la njia hii, na ndiyo maana siipendekezi kwa theluji kavu.

Ipo namna ya kuiimarisha. Kamera ikiwa imefungwa juu ya stendi ya miguu mitatu, picha kadhaa za sekunde 1/500 zikipigwa mfululizo bila kuisogeza, zinaweza kuunganishwa baadaye katika programu kama GIMP, ambayo haiuzwi, kwa kuchagua hali inayobakiza doa linalong'aa zaidi kutoka kila picha. Nukta zinajilimbikiza juu ya shina jeusi lisilobadilika, na theluji iliyoanguka kwa unyonge inaonekana nzito. Kamera ambazo zinaunganisha picha zenyewe huwa na hali ya wastani pia, na hapo mtu awe mwangalifu, kwa kuwa wastani unazififisha nukta mahali ambapo tulitaka kuziongeza.

Mistari

Hii ndiyo njia ninayoichagua mimi, na ndiyo ninayomshauri anayeanza aijaribu kabla ya nyingine. Sababu ni kwamba mstari una mwanzo, mwisho na mwelekeo, kama alama ya brashi, na jicho la mtazamaji linaisoma picha kuwa kazi ya mkono bila kuambiwa. Childe Hassam, mchoraji wa Marekani aliyeipenda New York ya majira ya baridi, alichora mwaka 1900 jioni ya theluji ambayo sasa iko Brooklyn Museum, na ndani yake majengo yanapotelea katika rangi ya bluu nyuma ya theluji inayoshuka. Mpiga picha anayetafuta athari ya namna hiyo hahitaji kuongeza kitu juu ya picha. Anachohitaji ni shata kati ya sekunde 1/15 na 1/60.

Urefu wa mstari katika picha hautegemei shata peke yake. Kwa lenzi ya milimita 200 juu ya kamera yenye kihisi (kipande kinachopokea picha ndani ya kamera) kamili cha milimita 36 kwa 24, chembe iliyo umbali wa mita 20 inayosogea sentimita 3 inachora alama ya milimita 0.3 hivi juu ya kihisi, ambayo ni kama asilimia 1 ya upana wa picha. Hiyo ni alama fupi na ya wazi. Chembe iliyo mita 5 kutoka kwenye lenzi inachora alama ndefu mara nne, na ile iliyo mbali kule nyuma ya mti inachora kijialama kidogo mno. Kwa hiyo picha moja inabeba alama za urefu tofauti, ndefu zikiwa mbele na fupi zikiwa nyuma, na tofauti hiyo ndiyo inayoipa picha kina. Mchoraji hulazimika kuipanga kwa akili yake. Sisi tunaipata kwa kusimama mbali kidogo na mti na kuiacha hewa tele mbele ya lenzi.

Tundu la lenzi nalo lina neno. Likifunguliwa sana, kwa mfano f/2.8, chembe za karibu zinakuwa miviringo mikubwa iliyofifia ambayo, ikivutwa na shata ya polepole, inageuka kuwa mikanda minene ya kijivu inayofunika mti. Likifungwa hadi f/8 au f/11, alama zinakuwa nyembamba na za wazi. Mwanga wa mchana wa theluji unatusaidia hapa, kwani chini ya wingu zito, kwa ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kihisi kupokea mwanga) na f/11, mara nyingi sekunde 1/30 inaangukia karibu kabisa na kipimo sahihi. Mtu hahitaji kununua kichujio chochote cha kupunguza mwanga.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba mstari mweupe unaonekana tu mbele ya kitu cheusi. Mbele ya anga, chembe huonekana za kijivu au zinatoweka kabisa, kwa sababu anga yenyewe inang'aa kuzishinda. Kwa hiyo mpiga picha wa mistari atafute miti inayobaki na majani majira yote, kama misonobari, au mashina manene yaliyolowa, na aiondoe anga katika fremu kwa kadiri anavyoweza. Fokasi aiweke kwa mkono juu ya gome la shina. Fokasi ya kamera yenyewe hukimbilia chembe zinazopita mbele, ikahangaika huku na huko, na ikakosa mti.

Stendi ya miguu mitatu inahitajika kwa anayetaka shina lililotulia nyuma ya alama zinazotembea, na utulivu huo wa shina ndio unaoifanya mistari isomeke kuwa theluji. Wapo wanaopenda kuisogeza kamera kwa makusudi, wakiipeleka juu au chini kufuata mashina katika sekunde 1/4 hadi 1/2. Katika msitu wa miti iliyonyooka, matokeo ya kufanya hivyo ni mazuri kweli, rangi zikivutwa kama zimepitishwa kisu cha mchoraji. Lakini theluji inayoanguka hupotea ndani ya mwendo huo, na picha ileile ingeweza kupigwa siku ambayo theluji imelala chini na mbingu ni safi. Kwa kuwa hapa tunazungumzia theluji ikiwa angani, naiweka njia hiyo pembeni.

Utando

Shata ya sekunde moja au zaidi inazifuta chembe zote, na kinachobaki ni miti inayofifia hatua kwa hatua katika weupe. Kielelezo cha zamani ninachokirudia kila mara ni viambaza vya karatasi vya mchoraji wa Kijapani Hasegawa Tōhaku, vya mwishoni mwa karne ya 16, vilivyo katika Tokyo National Museum, ambamo misonobari inajitokeza na kupotea ndani ya ukungu kwa wino mweusi peke yake. Katika upigaji picha, Mwingereza Michael Kenna amejulikana kwa miti ya Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, katika majira ya baridi na kwa kuiacha shata wazi muda mrefu.

Ili kufika sekunde moja mchana, anayeanzia kwenye sekunde 1/30 anahitaji kupunguza mwanga kwa stopu 5 (stopu 1 ni kuuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu), na hapo kichujio cha kijivu ni lazima. Anahitaji pia hewa tulivu, kwa kuwa matawi membamba yakitikiswa yanapoteza ncha zake. Udhaifu wa njia hii ni kwamba mtazamaji anaweza kudhani anaangalia ukungu wa kawaida. Anayeichagua ajue kwamba anaitoa theluji kama kitu na kuibakiza kama hali ya hewa.

Utando lakini hauletwi na shata peke yake. Theluji hewani hufanya kazi ya vyandarua vilivyotundikwa kimoja nyuma ya kingine, kila hatua ya umbali ikiongeza kimoja. Watabiri wa hali ya hewa wa Marekani huipima theluji kwa jinsi mtu anavyoona mbali: ikishusha upeo wa kuona hadi robo maili, ambayo ni kama mita 400, au chini ya hapo, huitwa nzito, na kati ya hapo na nusu maili huitwa ya wastani. Kwa theluji ya wastani, mti ulio mita 30 unabaki mweusi, ulio mita 100 umekuwa wa kijivu, na ulio mita 300 ni kivuli. Picha ya Alfred Stieglitz ya jengo la Flatiron, iliyopigwa katika theluji muda mfupi baada ya jengo hilo kukamilika mwaka 1902, inasimama juu ya mpangilio huo: mti mweusi wenye shina la panda uko karibu, na jengo zito la ghorofa nyingi limekuwa jepesi nyuma yake. Anayesimama leo Madison Square, uwanja ulio karibu na jengo hilo, wakati wa theluji bado anaweza kuupata mpangilio huo.

Miti na lenzi

Katika Central Park yenyewe, njia pana iitwayo The Mall imepangwa miti mikubwa ya elmu ya Kimarekani, moja ya mikusanyiko mikubwa ya miti hiyo iliyosalia Amerika ya Kaskazini baada ya ugonjwa wa kuvu kuiua kwingine. Matawi yake hupanda yakigawanyika na kukutana juu ya njia kama dari la kanisa. Theluji yenye unyevu ikija na upepo, inaganda upande mmoja wa kila shina na kila tawi, na mti mzima unachorwa kwa mstari mweupe juu ya mweusi kabla hata kamera haijafunguliwa. Theluji kavu haigandi hivyo. Miti hii haina majani majira hayo, na anga inaonekana kati ya matawi, kwa hiyo inafaa zaidi kwa utando na kwa nukta za karibu kuliko kwa mistari. Kwa mistari, nenda kwenye misonobari ya bustani hiyohiyo, au ielekeze lenzi chini ili mashina ya elmu yajaze fremu.

Kuhusu lenzi, siyumbi: ndefu inashinda pana. Lenzi ya milimita 85 hadi 200 inaisogeza miti ya mbali karibu na ile ya mbele, inaikusanya theluji iliyo kati yake, na inamruhusu mpiga picha kuiacha anga nje. Lenzi pana ya milimita 24 inazionyesha chembe chache kubwa karibu na kioo na kuziacha nyingine zote kuwa vumbi, na mara nyingi inarudi nyumbani na matone juu yake. Kifuniko cha mbele cha lenzi, kile cha kukinga mwanga, hapa ni cha kukinga theluji, na kisiachwe.

Flashi ni suala la saa. Mchana inazigeuza chembe zilizo mita 1 hadi 3 mbele ya kamera kuwa madoa meupe makali, na hisia ya uchoraji inakufa papo hapo. Wakati wa magharibi, ikipunguzwa stopu 2 na kuunganishwa na shata ya sekunde 1/15, inaweza kuacha nukta angavu kwenye mistari ya karibu, na hilo lina uzuri wake.

Simu au kamera

Simu ina tundu la lenzi lisilobadilika, mara nyingi karibu na f/1.8, na hapo ndipo uchaguzi unapofanyika bila mwenye simu kujua. Mchana, kwa tundu hilo na ISO 50, mwanga wa theluji unailazimisha shata kwenda kwenye sekunde 1/500 au haraka zaidi, kwa hiyo simu inatoa nukta hata kama mtu anataka mistari. Tena simu nyingi huunganisha picha kadhaa kwa siri ili kusafisha, na chembe zinazotembea huweza kupunguzwa katika usafishaji huo. Mwenye simu anayetaka mistari asubiri jua lizame, achague shata mwenyewe katika hali ya Pro kwa simu zilizo nayo, na aegemeze simu kwenye kitu kigumu. Mwenye iPhone anaweza kuupata utando kwa kuigeuza Live Photo, picha inayobeba pia sekunde chache za mwendo, kuwa picha ya muda mrefu, uwezo uliokuja na iOS 11 mwaka 2017. Kwa utando na nukta, basi, simu inatosha. Kwa mistari ya mchana, kamera yenye tundu linalofungwa haina mbadala.

Njia yoyote itakayochaguliwa, kipimo cha mwanga kiongezwe stopu 1 hadi karibu 2 juu ya kile kinachopendekezwa na kamera, kwa kuwa kamera huiona theluji kama kitu cha kijivu na kuitia giza. Bluu ya jioni nashauri iachwe ilivyo. Claude Monet alichora vivuli vya theluji kwa bluu majira ya baridi ya 1868 na 1869 katika mchoro wake wa ndege juu ya lango, ulioko Musée d'Orsay, na bado rangi hiyo ndiyo inayoifanya theluji iaminike. Betri ya akiba ikae mfukoni karibu na mwili, na kamera itiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kabla ya kuingia nyumbani, ili mvuke ugande nje ya mfuko.

Kwa msomaji aliye Afrika Mashariki, miti na theluji hukutana katika Mlima Kenya, kwenye mimea mirefu ya jamii ya senesio inayosimama karibu na mita 4,000. Mashina yake yamevikwa majani makavu ya rangi ya giza yasiyoanguka, mandharinyuma bora kabisa kwa mistari.

Zipo programu zinazoichukua picha ya kawaida na kuitandika alama za brashi. Siziweki sawa na njia hizi. Alama zake hazijui chembe ipi ilikuwa karibu na ipi ilikuwa mbali, kwa hiyo zinaufunika mti, theluji na umbali kwa unene mmoja, na kina kilichopatikana kwa kusimama kwenye baridi kinapotea.

Linabaki suala la karatasi, ambalo lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Edward Steichen alipolipiga picha jengo la Flatiron mwaka 1904, alichapisha kwa platinamu na kuongeza juu yake gundi yenye rangi, na Metropolitan Museum of Art ina nakala tatu zenye rangi tofauti kutokana na picha hiyo moja; karatasi hizo hazing'ai, na picha inaonekana kuwa ndani ya nyuzi zake. Leo karatasi ya pamba isiyong'aa inatoa jambo lililo karibu na hilo, nayo inaufaa utando na mistari. Weusi wake, hata hivyo, si mzito kama wa karatasi yenye mng'ao, na kwa picha ya nukta, inayotegemea shina jeusi kabisa nyuma ya chembe nyeupe, chagua karatasi yenye mng'ao wa wastani.